Kicheko Kisichofika Maktabani: Ramsa ya Kiswahili na Hatima ya Maandishi ya Chapa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi ucheshi wa Kiswahili ulivyotoka katika kurasa za magazeti ya vibonzo ukahamia kwenye televisheni na hatimaye katika simu za mkononi, na maana ya safari hiyo kwa maandishi ya chapa. Mifano inatolewa kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi. Inadaiwa kwamba chapa haikushindwa na skrini peke yake. Ilipoteza wasomaji walioinunua kwa hiari, ikabaki mikononi mwa shule. Makala yanauliza pia ni nani atakayekuwa na nakala ya kicheko cha leo pindi watafiti wa kesho watakapoihitaji.

Maneno muhimu: ramsa, vibonzo, ufaraguzi, fasihi pendwa, vitabu teule, uhifadhi

Utangulizi

Mtafiti anayetaka kusoma riwaya ya Kiswahili ya miaka ya 1970 anajua pa kuanzia: maktaba ya chuo kikuu, orodha ya mchapishaji, au rafu ya mwalimu mstaafu. Anayetaka kujua watu wa miaka hiyo hiyo walicheka nini, kwa maneno gani na dhidi ya nani, hana pa kushika. Magazeti ya vibonzo yalisomwa mpaka yakachanika, kisha yakafungiwa karanga. Kanda za redio zilikuwa ghali, na kanda iliyo ghali hurekodiwa juu yake tena. Michezo ya jukwaani ilifaraguliwa, yaani ilitungwa papo kwa papo mbele ya hadhira, na haikuwa na maandishi ya kuhifadhi tangu mwanzo.

Pengo hili si la Kiswahili pekee. Uhakiki wa Magharibi nao ulianza na upungufu wa namna hiyo: sehemu ya Poetiki ya Aristotle iliyobaki inahusu hasa tanzia, na maelezo aliyoahidi kuyatoa juu ya ramsa hayakuwafikia wasomaji wa baadaye. Lakini Ugiriki ilibakiwa walau na tamthiliya za Aristophanes, na zinasomwa hadi leo. Katika Kiswahili hali ni kinyume chake. Istilahi zipo tele, kuanzia ramsa, futuhi, tashtiti, kejeli na dhihaka hadi kichekesho, ilhali matini zenyewe ni chache. Tamthiliya ya Farouk Topan, Aliyeonja Pepo (1973), inayocheza na urasimu hata katika mambo ya ahera, hutajwa mara kwa mara, na Amezidi ya Said Ahmed Mohamed na Kaptula la Marx ya Euphrase Kezilahabi hutajwa vilevile. Hizi ni kazi za wasomi zilizoandikwa kwa ustadi mkubwa, na kicheko chake kina uchungu wa makusudi. Hazikuwa kicheko cha kituo cha basi. Hicho ndicho kinachoshughulikiwa hapa.

Kicheko kilichonunuliwa kwa hiari

Neno kichekesho lina historia yake katika sanaa za maonyesho. Wakati wa utawala wa Waingereza huko Tanganyika, kichekesho kilikuwa mchezo mfupi usioandikwa, ambao mara nyingi ulimdhihaki mshamba asiyejua desturi za mjini au za Kizungu: anayekaa vibaya kitini, anayeshindwa na uma na kisu. Watafiti wa sanaa za maonyesho, Penina Mlama akiwa miongoni mwao, wameeleza jinsi kicheko hicho kilivyoweza kuutumikia ukoloni bila ya wachekaji kutambua. Baada ya uhuru, kichekesho kiligeuziwa kisu upande wa pili. Waliochekwa sasa walikuwa wababaishaji, wavivu wa ofisini, na Waafrika waliojifanya Wazungu.

Katika magazeti, mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na kukua kwa kibonzo. Gazeti la serikali ya kikoloni, Mambo Leo, lilianza kutoka mwaka 1923, na wasomaji wake walizoea picha na maneno kwenda pamoja. Baada ya uhuru, mchoraji Christian Gregory aliwapa wasomaji wa gazeti la Uhuru mhusika wake Chakubanga, mtu wa kawaida mwenye mikasa isiyo ya kawaida. Nchini Kenya, Edward Gicheri Gitau alimchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950, na kwa miongo kadhaa wasomaji wa Taifa Leo walimfahamu kama jirani. Jina hilo linastahili kutazamwa. Juha ni mpumbavu aliyetoka katika hekaya za Kiarabu. Kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, na sungura wa ngano ndiye mjanja wa wajanja. Mpumbavu na mjanja wamekaa katika jina moja, na ramsa ya vibonzo vya Kiswahili imeendelea kuishi kwa mgongano huo.

Hata hivyo, mfano ulio bora zaidi ni gazeti la Sani la Dar es Salaam. Jina lake liliundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na wasomaji walilipata kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Miongoni mwa wachoraji wake alikuwamo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa ameacha wahusika ambao watu wazima wa leo wanawakumbuka kwa majina. Majina hayo yalikuwa na mzaha ndani yake kabla ya picha kuchorwa. Ndumilakuwili ni yule anayeuma pande zote mbili na kuaminiwa na wote wawili. Lodi Lofa ni bwana mkubwa na hohehahe kwa wakati mmoja. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe, na jina hilo linamfaa mtu mfupi mwenye makuu. Madenge, mtoto mtundu, anakumbusha mtindo wa kunyoa wa denge unaoacha kishungi cha nywele kichwani. Msomaji wa Kiswahili hakuhitaji kufafanuliwa lolote kati ya hayo.

Sani ilikuwa na vibonzo, hadithi za mapenzi, visa vya kutisha, barua na porojo za mjini. Lugha yake ilikuwa ya mtaani, iliyojaa misimu ya wakati huo. Walimu wengi hawakuipenda. Lakini kwa mwenye kuchunguza mustakabali wa chapa, jambo moja lina uzito kuliko lugha na maadili: gazeti hili lilinunuliwa na watu ambao hawakulazimishwa na yeyote kulinunua. Hapakuwa na mtihani wala mfadhili, na wizara haikuagiza nakala. Mtu alitoa shilingi zake mfukoni kwa sababu alitaka kucheka, kisha nakala ikapita mikono kumi. Fasihi ya Kiswahili haijapata mara nyingi hadhira ya namna hiyo, na ilipoipata haikuitambua.

Inafaa kuzingatia pia wakati wenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994. Kwa mkazi wa Temeke au Mwanza, picha yenye mwendo ilipatikana sinema tu, na picha yenye mhusika wa Kiswahili anayejibizana kwa Kiswahili ilipatikana zaidi karatasini. Kibonzo kilifanya kazi ambayo katika nchi nyingine ilikuwa ya televisheni. Kwa hiyo televisheni ilipokuja ilikuta kazi hiyo tayari ina mwenyewe, na ikamnyang'anya.

Skrini na bei ya kucheka

Nchini Kenya unyang'anyi huo ulikuwa umeanza mapema. Vioja Mahakamani na Vitimbi vilizoesha familia nzima kuketi pamoja na kucheka kwa Kiswahili katika idhaa ya taifa. Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau hadi uzeeni kabla ya kifo chake mwaka 2015, alijulikana kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na kicheko kilianza mara tu alipofungua kinywa. Tanzania ilifuata kwa kasi baada ya 1994. Waigizaji waliokuwa wakifanya vichekesho katika kumbi za burudani, baina ya ngoma na taarab, walipata kamera. Mwishoni mwa muongo wa 2000, kundi la Ze Comedy lililoanzia EATV na baadaye kuonekana TBC kwa jina la Ze Orijino Komedi lilikuwa limewafanya Joti, Masanja Mkandamizaji na Mpoki kuwa majina ya nyumbani. King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alivuka kutoka jukwaani hadi kwenye filamu za video zilizouzwa madukani na kupelekwa nje ya mipaka.

Kilichobadilika zaidi ya chombo ni bei. Msomaji wa Sani alilipia kicheko chake moja kwa moja. Mtazamaji wa televisheni hakulipa. Alilipiwa na mtangazaji wa sabuni au wa kampuni ya simu. Kisha ikaja video ya dakika moja katika simu, ambayo mtu huipokea kutoka kwa shemeji yake, huicheka, huisambaza na kuisahau kabla ya chakula cha usiku. Bei ya kicheko ikashuka karibu na sifuri, ilhali bei ya karatasi ilipanda. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2013 Kenya ilianza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kodi hiyo haitofautishi kitabu cha sheria na kijitabu cha vichekesho, lakini anayeumia zaidi ni mnunuzi wa hiari, kwa sababu ndiye mwenye uwezo wa kuondoka dukani mikono mitupu.

Kuna mfano mmoja unaoonekana kupingana na hoja hii. Gazeti la katuni la Shujaaz lilianza nchini Kenya mwaka 2010, likaandikwa kwa Sheng, na nakala zake zikasambazwa bure ndani ya gazeti la kila siku na kupitia vibanda vya wakala wa M-Pesa. Vijana walilisoma kwa wingi. Wahusika wake walipata pia sauti redioni na kurasa katika mitandao ya kijamii, ambako wasomaji waliwaandikia kana kwamba ni watu halisi. Mchapishaji makini atavutiwa na jambo hili, na ana haki ya kuvutiwa, ila asisahau kwamba karatasi hiyo ililipiwa na wafadhili waliokuwa na ujumbe wa kufikisha. Kicheko kilikuwa ndoano. Shujaaz inathibitisha kwamba kijana wa Afrika Mashariki hajaikimbia karatasi. Haithibitishi kwamba anaweza kumudu bei yake, wala kwamba mfadhili angelipia kicheko kisichofundisha chochote.

Mwongozo wa kucheka

Ni kawaida katika makongamano kusikia kwamba skrini iliua usomaji. Kauli hiyo inawapendeza wengi kwa kuwa haimlaumu yeyote aliyemo ukumbini. Ukweli una kona zaidi. Wakati skrini ilipokuwa ikiwachukua wasomaji wa hiari, wachapishaji wa Kiswahili walikuwa wakiondoka sokoni kwa miguu yao wenyewe kuelekea shuleni. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kibiashara. Nchini Kenya, kitabu kinachoteuliwa kutahiniwa katika KCSE huuzwa kwa miaka kadhaa mfululizo nchini kote. Kisichoteuliwa hukaa ghalani. Nchini Tanzania, njia hiyo nayo ilikuja kubanwa pale Taasisi ya Elimu Tanzania iliporejeshewa kazi ya kuandaa vitabu vya kiada katika miaka ya 2010, na wachapishaji binafsi waliokuwa wameegemea kiada wakajikuta hawana wanafunzi wala wasomaji.

Matokeo yake kwa ramsa yanaonekana wazi darasani. Kazi teule huja na mwongozo, na mwongozo hueleza kila kitu. Kejeli hutajwa kwa jina, ukurasa huonyeshwa, umuhimu wake huorodheshwa. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote kwa kuthibitisha kwamba kifungu fulani kinachekesha bila kucheka hata mara moja tangu kidato cha tatu. Hakuna anayepaswa kulaumiwa binafsi kwa hilo, kwani mtahini hana namna ya kupima kicheko. Lakini mtu anayetoka shuleni akiamini kwamba kitabu cha Kiswahili ni kitu cha kuchambuliwa, na kwamba raha iko kwenye simu, amefundishwa imani hiyo kwa miaka minne na kwa gharama ya umma.

Hapa ndipo mtu huweza kuuliza iwapo chapa inahitaji ramsa hata kidogo. Huenda kila chombo kina kazi yake. Video iwachekeshe watu na kitabu kiwafundishe. Hoja hii haitoshi. Historia ya Sani inaonyesha kwamba watu wengi walijenga mazoea ya kusoma kwa hiari kupitia kicheko na hofu, si kupitia mafunzo. Mazoea hayo yakishajengwa huhamia kwingine. Waandishi wa Tanzania wanaouza riwaya zao kwa vipande kupitia WhatsApp, huku msomaji akilipa kwa simu ili apate sehemu inayofuata, wanategemea mazoea yale yale ya gazeti la mtaani: kipande kifupi, taharuki mwishoni, bei ndogo. Wasomaji hao wapo na wanalipa. Hawaonekani katika mjadala wa sera kwa sababu wanachokisoma hakina jalada.

Somo kutoka Lubumbashi

Nchi jirani zinaweza kufundisha jambo ambalo pwani na Nairobi zimechelewa kujifunza. Mjini Lubumbashi, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kikundi cha Mufwankolo kilikuwa kikichekesha watu kwa Kiswahili cha mji huo kwa miongo kadhaa, redioni na baadaye kwenye televisheni. Hicho ni Kiswahili kilicholelewa katika migodi na makambi ya wafanyakazi. Kina kiambishi ba- mahali ambapo msomaji wa Unguja angetarajia wa-, na Kifaransa huingia na kutoka ndani yake bila kubisha hodi. Wahusika wa kikundi hicho walifaragua. Walikubaliana juu ya kisa na mpangilio wa matukio, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mbele ya watu.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji hao maana ya methali aliyoisikia mjini humo, kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu kwa maelezo walimjibu kwa mchezo. Walijadiliana, wakatunga kisa cha chifu, wakubwa wa kijiji na raia wao, wakafanya mazoezi, kisha mchezo ukaigizwa katika kijiji cha Kawama nje ya mji na kupigwa picha kwa ajili ya televisheni. Katika zama za Mobutu, methali ile iliweza kusikika kama sifa au kama shutuma, na ramsa ilikuwa pahali pazuri pa kuiacha isikike kwa namna zote mbili. Fabian alichapisha kitabu chake juu ya tukio hilo mwaka 1990, kikiwa na unukuzi wa Kiswahili cha mazoezi na cha mchezo wenyewe pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Baadaye matini nyingine za kikundi hicho ziliwekwa katika hifadhi ya Kiswahili cha mtaani iliyo kwenye intaneti.

Yafaa kusita hapa kidogo. Miongoni mwa nakala kamilifu kabisa zilizochapwa za ramsa ya Kiswahili iliyofaraguliwa, iliyo na kusitasita kwake, kukatizana kwake na makosa yake ya mazoezi, mojawapo ilitolewa na chuo kikuu cha Wisconsin huko Marekani, kwa bei ya kitabu cha kitaaluma, kwa wasomaji ambao wengi wao hawakijui Kiswahili. Watu wa Lubumbashi waliocheka siku ile hawakuhitaji kitabu hicho. Wajukuu wao wanakihitaji, na si rahisi wakipate.

Fabian alikutana na jambo la pili lenye kufunza. Katika mwaka huo huo wa 1990 alitoa kitabu kingine kilichobeba historia ya mji wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa majumbani. Maandishi yale hayakufuata tahajia wala mgawanyo wa maneno unaotarajiwa, na ili kueleweka vizuri yalibidi kwanza yasomwe kwa sauti na mzawa wa lugha, ndipo yaandikwe upya. Karatasi ilikuwa imeihifadhi sauti. Ilikuwa lazima sauti itolewe humo kabla ya maana kupatikana. Kwa ramsa, ambayo nusu ya maana yake imo katika kiimbo na kunyamaza, jambo hili si la pembeni.

Kalamu ya mhariri

Linalofuata ni tatizo ambalo kila mchapishaji aliyejaribu kuweka vichekesho katika kitabu amekutana nalo. Kicheko cha Kiswahili huishi kwa tofauti za usemi: Mpwani anayemcheka mtu wa bara, mtu wa mjini anayemcheka aliyeshuka jana kwenye basi, kijana wa Sheng anayemwacha baba yake njiani katikati ya sentensi. Mhariri amefunzwa kuondoa tofauti hizo. Nchini Tanzania kitabu kinachokusudiwa shule hutafutiwa ithibati ya lugha kutoka BAKITA, na utaratibu huo umeyalinda machapisho dhidi ya uzembe mwingi. Lakini ukimpeleka Lodi Lofa kwenye ithibati atarudi akiwa amevaa tai.

Kuandika lafudhi kuna hatari nyingine iliyo nzito kuliko usanifu. Lafudhi ya kabila inayochekesha sebuleni inaweza kuumiza inapogandishwa karatasini, ikasomwa na mtu asiyemjua mwigizaji wala nia yake. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, Kenya ilitunga sheria ya utangamano wa taifa iliyogusa pia lugha ya chuki, na waandishi wa vichekesho wana sababu nzuri ya kuwa waangalifu. Tofauti kati ya Mzee Ojwang' kwenye skrini na Mzee Ojwang' kwenye ukurasa ni kwamba kwenye skrini mtazamaji anauona upendo usoni mwake. Ukurasa hauna uso. Mwandishi hana budi kuutengeneza kwa maneno, na hiyo ni kazi ya fasihi kamili, si unukuzi tu. Wachoraji wa vibonzo walikuwa na nafuu katika hili, kwa kuwa walichora uso.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022, na mwaka huo huo Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa sababu hizo swali la usanifu limepanuka. Wakazi wa Nyamirambo mjini Kigali na wa Buyenzi mjini Bujumbura wana mizaha yao ya Kiswahili, ya zamani kuliko hadhi mpya ya lugha. Mitalaa inayoandaliwa sasa katika nchi hizo inaweza kuwafikisha watoto wao kwenye Kiswahili kama lugha ya kanuni na ngeli tu, wakati mtaa unawafundisha kwamba ni lugha ya kuchekea. Ni hasara isiyo ya lazima kuvitenganisha viwili hivyo.

Nani ana nakala?

Tukiacha shule kando, linabaki suala la kumbukumbu. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanzania ya 1975, kama ilivyo Sheria ya Vitabu na Magazeti ya Kenya, inamtaka mchapishaji awasilishe nakala za machapisho yake. Sheria hizi zilitungwa wakati ambapo kitabu na gazeti ndivyo vilivyofikiriwa kwanza, na hata kwa vibonzo utekelezaji wake ulitegemea iwapo mkutubi alikiona kijigazeti cha mtaani kuwa kitu cha kuwekwa. Video ya mchekeshaji iliyo katika mtandao wa kampuni ya ng'ambo haiwasilishwi kokote. Kampuni ikibadili masharti au mwenye akaunti akifariki, inapotea pamoja na maoni ya watazamaji yaliyokuwa chini yake, ambayo kwa mtafiti wa upokezi yana thamani sawa na video yenyewe.

Kuna kinaya katika historia hii. Sheria za filamu na michezo ya jukwaani, ya Kenya ya 1962 na ya Tanzania ya 1976, ziliipa serikali mamlaka ya kukagua michezo kabla haijaonyeshwa. Kwa hiyo serikali zilikuwa na hamu ya kusoma ramsa kabla ya hadhira, lakini hazikuwa na hamu kama hiyo ya kuitunza baada yake. Wafaraguzi nao walikuwa na jibu lao la kimyakimya kwa wakaguzi: mchezo usioandikwa hauna cha kukaguliwa. Ukosefu wa maandishi unaomsumbua mtafiti leo uliwahi kuwa kinga ya msanii, na hatua yoyote ya kuandika na kuweka hifadhi ya lazima haina budi kulifikiria hilo. Mchekeshaji anayejua kwamba kila neno lake litakabidhiwa kwa ofisi ya serikali atachagua maneno mengine.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo chombo cha kikanda kilicho karibu zaidi na suala hili, ingawa majukumu yake ni mapana. Hatua ya kwanza isiyo na gharama kubwa ingekuwa kuwalipa wanafunzi wa shahada za juu wa Kiswahili, katika vyuo vya Lubumbashi, Kampala, Bujumbura na kwingineko, wanukuu michezo michache ya wafaraguzi walio hai huku wenyewe wakiwapo kueleza. Kinachokwamisha kazi ya aina hiyo si fedha tu. Mchezo wa Kawama ulitungwa na watu wengi kwa vinywa vyao, mtafiti akautolea swali lililouzaa, na kamera ya televisheni ikaurekodi. Kongo ilikuwa imetunga sheria yake ya haki za mwandishi Aprili mwaka huo huo wa 1986, ikimfikiria mwandishi kama mtu mwenye jina. Mchezo kama huo ukichapwa kesho kwa Kiswahili na kuuzwa kwa bei ya gazeti mitaani Lubumbashi au Kariakoo, jalada lake litahitaji jina, na mrabaha wake utahitaji akaunti. Wanasheria na wahakiki wa fasihi simulizi wamekuwa wakilijadili swali hilo katika vyumba tofauti, na wafaraguzi hawajaalikwa katika chumba chochote.